Mti Huu Unaitwaje? Hatua za Kuutambua Mti wa Bustanini Wenye Maua na Majani ya Mwaka Mzima

Swali hili halikomi. Mtu anaonyesha picha ya mti uliosimama nyuma ya nyumba ya wazazi wake, anaeleza kwamba una majani mwaka mzima na hutoa maua meupe, kisha anauliza ni mti gani. Picha imepigwa kwa mbali na ua linaonekana kama doa tu. Wanaojaribu kujibu wanataja majina matano tofauti, na mwenye mti anabaki pale pale alipoanzia.

Mara nyingi mti wenyewe si mgumu. Kinachokosekana ni ushahidi. Rangi ya ua ndiyo kila mtu huitaja kwanza, nayo ndiyo inayosaidia kidogo kuliko yote, maana maua meupe yako kwenye maelfu ya aina za miti. Kitawi kimoja kilichoangaliwa kwa makini kinakupeleka mbali zaidi kuliko picha kumi za mti mzima. Kwa hiyo hapa tutaanza na majani, tufuate maua na matunda, na jina tuliache hadi mwishoni. Huhitaji kuwa umesoma botania, ila ufuate mpangilio bila kuruka.

Vya kuandaa

- Simu yenye kamera inayoweza kupiga picha ya kitu kilicho karibu.
- Lenzi ya mkononi, hasa inayokuza mara 10. Ukiikosa, piga picha ya karibu kisha uikuze kwenye kioo cha simu.
- Rula ya sentimita na utepe wa kupimia.
- Mkasi wa kupogolea na wembe mpya.
- Karatasi nyeupe ya kuweka chini ya jani au ua unapopiga picha.
- Magazeti ya zamani na vitabu vizito vya kukandamizia.
- Daftari na penseli. Wino huchuruzika karatasi ikilowa.
- Glavu.

Chagua siku yenye mwanga mzuri, na ukubali tangu mwanzo kwamba utarudi kwenye mti huo tena. Ua lina msimu wake na tunda lina wake.

Onyo kabla hujagusa

Usionje chochote: jani, ua, tunda wala utomvu. Usichemshe majani yake, na usiyatie kwenye chakula kwa sababu tu yananukia vizuri. Nerium oleander na Cascabela thevetia ni mimea ya kupendeza, yenye majani mwaka mzima, na imepandwa kwenye bustani nyingi za nchi zenye joto. Yote miwili ina sumu inayovuruga mapigo ya moyo, na sumu hiyo imo kwenye kila sehemu, mbegu zikiwemo. Majani ya Nerium yamewahi kudhaniwa kuwa ya Laurus nobilis, ule mti ambao majani yake hutumika kama kiungo. Usichome matawi ya mti usioujua, kwa kuwa hata moshi wa Nerium una madhara.

Ukikata kitawi ukaona maziwa yanatoka, vaa glavu, usiguse macho, na nawa mikono kwa sabuni ukimaliza. Utomvu wa miti mingi ya jamii ya Euphorbia huunguza ngozi na unaweza kuharibu jicho. Kama kuna watoto wadogo nyumbani, chukulia kwamba mti una sumu mpaka utakapojua vinginevyo.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha kweli mti haupukutishi majani yote.

Kila mti huangusha majani. Mti wa kijani daima huangusha ya zamani huku mapya yakiwa yameshatoka, kwa hiyo haubaki mtupu. Magnolia grandiflora, kwa mfano, hudondosha majani mengi makavu hasa majira ya kuchipua, na watu hudhani unakufa. Upande wa pili kuna miti ambayo hubaki na majani penye maji ya kutosha lakini huyaangusha ukame ukizidi.

Njia rahisi ya kuthibitisha ni picha za zamani za familia. Tafuta zile ambazo mti umeonekana kwa nyuma, uangalie tarehe. Simu huhifadhi tarehe ndani ya picha yenyewe. Ukipata picha za miezi minne iliyo mbalimbali, jibu unalo, na pengine utakuta humo mwezi wa maua pia.

2. Waulize wenyeji wa mti, na uandike wanachosema kuwa ni dai.

Nani aliupanda? Ulinunuliwa kwenye kitalu au ulijiotea? Ulikuwa na urefu gani mlipohamia? Umewahi kutoa matunda? Mambo haya hayapatikani popote isipokuwa kwa watu hao, na wakiondoka yanaondoka nao.

Jina wanalokupa liandike, ila usilijengee nyumba. Jina la kienyeji mara nyingi hubeba zaidi ya mti mmoja. Familia ikikuambia ni mwarobaini, huenda ni mwarobaini kweli, Azadirachta indica, au ni Melia azedarach, nduguye ambaye wengine humwita mwarobaini nusu. Tofauti yao utaiona hatua ya 6, nayo ni kubwa: matunda ya Melia yana sumu.

3. Piga picha kwa mpangilio.

Picha zinazohitajika ni hizi: mti mzima, gome kwa karibu, kitawi chenye majani kadhaa, kionekane yanavyoungana nacho, jani moja upande wa juu, jani hilohilo upande wa chini, ua kwa mbele, ua kwa ubavu, ua kwa nyuma, penye kikonyo, tunda, zima na lililokatwa. Weka rula kwenye picha za jani, ua na tunda.

Picha ya ua kwa nyuma husahaulika karibu kila mara, na ndiyo inayoonyesha sepali, vile vijani vidogo vinavyolifunika ua likiwa bado tumba. Ya upande wa chini wa jani nayo husahaulika. Ukizikosa hizo mbili, anayejaribu kukusaidia atakuomba uende tena.

Pima pia mzunguko wa shina kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini. Ndicho kipimo wataalamu wa misitu wanachotumia. Ukigawanya kwa 3.14 unapata kipenyo.

4. Kata kitawi, usichume jani moja.

Jani lililochumwa peke yake limepoteza nusu ya taarifa zake, kwa sababu hujui tena liliunganaje na mti. Kata kitawi cha sentimita 30 hivi chenye majani, na chenye maua au matunda kama yapo. Chagua tawi lililokomaa linalopata jua. Machipukizi yanayoota chini ya shina au pale mti ulipokatwa huwa na majani makubwa kupita kiasi, na wakati mwingine yenye umbo tofauti kabisa.

Kama mti uko kwenye bustani isiyo yako, omba ruhusa kwanza.

5. Angalia majani yamepangwaje.

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote. Shika kitawi uangalie vifundo, yaani sehemu ambapo majani yanachomoza. Kuna mipangilio mitatu. Majani mawili yanaweza kutoka kwenye kifundo kimoja, yakitazamana. Yanaweza kutoka moja moja, yakipishana kulia na kushoto au kuzunguka kitawi. Au yanaweza kutoka matatu na zaidi kwenye kifundo kimoja, kama ilivyo kawaida kwa Nerium oleander.

Andika jibu sasa hivi kabla hujaendelea. Kwa kujua tu kwamba majani yanatazamana, umeshaiondoa sehemu kubwa ya miti ya dunia.

Kosa la kawaida ni kuangalia ncha ya kitawi. Pale vifundo vimesongamana, na majani yanayopishana huonekana kama yametoka mahali pamoja. Shuka chini kidogo, penye nafasi kati ya kifundo na kifundo, na uhesabu angalau vifundo vitano.

6. Jua jani linaanzia wapi.

Wengi hukosea hapa, na kosa hilo huharibu kila kinachofuata. Unachokiona kuwa jani huenda ni kijani kimoja tu, yaani kipande kimoja cha jani kubwa lililogawanyika.

Kipimo ni chipukizi. Kwenye kwapa la jani, pale kikonyo kinapokutana na kitawi, huwa kuna chipukizi dogo, wakati mwingine dogo kama kichwa cha pini. Vijani havina chipukizi kwenye kwapa lao. Kwa hiyo anza na kile unachodhani ni jani, fuata kikonyo chake kwenda chini, na utafute chipukizi kwa lenzi. Usipoliona, endelea kushuka hadi ulipate. Kila kilicho juu ya chipukizi hilo ni jani moja.

Ukishajua hilo, angalia limegawanyika mara ngapi. Jani la mwarobaini lina mhimili mmoja na vijani vimepangwa pande zake mbili. La Melia azedarach limegawanyika mara mbili: mhimili mkuu una mihimili midogo, na vijani vimekaa kwenye hiyo midogo. Huhitaji hata ua kuitofautisha miti hiyo.

7. Chunguza jani kwa macho, kwa pua na kwa mwanga.

Weka jani kwenye karatasi nyeupe. Pima urefu na upana wa majani kadhaa, si moja. Ukingo ni laini au una meno? Ncha ni butu au imechongoka? Kisha ligeuze, maana upande wa chini ndio wenye habari.

Magnolia grandiflora, mti wenye asili ya kusini-mashariki mwa Marekani, juu hung'aa na chini mara nyingi una manyoya mafupi ya rangi ya kutu. Prunus laurocerasus, mti mwingine wa bustani wenye majani mazito yanayong'aa, ukigeuza jani utaona karibu na kikonyo, kandokando ya mshipa mkuu, vidoa vidogo vilivyobonyea. Hizo ni tezi. Prunus lusitanica, anayefanana naye, hana tezi hizo, na kikonyo chake huelekea wekundu. Yamkini umepita karibu na miti hiyo mara nyingi bila kuona tofauti. Ukishaligeuza jani mara moja hutaisahau.

Sasa inua jani kuelekea juani, ulitazame kwa lenzi. Ukiona vitone vingi vinavyopitisha mwanga, hivyo ni vifuko vya mafuta. Vinapatikana hasa kwenye jamii ya mpera, mkarafuu na mkaratusi, iitwayo Myrtaceae, na kwenye jamii ya mchungwa na mlimau, iitwayo Rutaceae. Sugua kipande kidogo kwa vidole unuse kwa mbali: harufu ya limau, ya karafuu, ya dawa ya mafua, au hakuna kabisa. Usilibandike jani puani. Majani ya Prunus laurocerasus yakipondwa hutoa harufu ya lozi chungu, nayo inaambatana na gesi ya sianidi.

Vunja kikonyo uangalie utomvu. Maziwa meupe yanaelekeza kwenye familia chache za mimea, ndizo hizo ninazoziita pia jamii: Apocynaceae, Euphorbiaceae, Moraceae ya mikuyu na mifenesi, na Sapotaceae.

Mwisho, pitisha ukucha kwenye kitawi chini kidogo ya kila kikonyo. Kama kuna kovu jembamba lililozunguka kitawi mviringo mzima, andika kwa herufi kubwa. Miti ya Magnolia inalo, na mikuyu ya jenasi ya Ficus (jenasi ni kundi la aina za karibu ndani ya familia) inalo pia, ila Ficus ina maziwa na Magnolia haina. Kama majani yanatazamana na kuna kijani kidogo cha pembetatu kilichobana kati ya vikonyo viwili, huenda uko kwenye Rubiaceae, jamii ya mbuni na gardenia.

8. Fungua ua.

Chukua ua moja lililofunguka na tumba moja. Hesabu petali, yale majani ya rangi ya ua, na uone kama kila moja inachomoka peke yake au zimeungana chini kuwa mrija. Hesabu sepali. Kisha hesabu stameni, vile vijiti vyembamba vyenye unga wa chavua nchani. Hesabu kwenye maua matatu tofauti.

Usiidharau kazi hii ya kuhesabu. Carl Linnaeus, katika karne ya 18, aliigawa mimea yote yenye maua katika madaraja kwa kufuata zaidi stameni zake. Mpangilio wake umeachwa, lakini hesabu hiyo bado ni miongoni mwa vipimo vya haraka tulivyonavyo.

Kata ua kwa wembe kutoka juu hadi kwenye kikonyo, katikati kabisa. Utaona ovari, kile kifuko chenye mbegu changa. Je, kimekaa juu ya mahali petali zinapoanzia, au chini yake? Kama huoni vizuri, angalia tunda. Tunda lenye masalia ya sepali upande wa mbali na kikonyo, kama pera lilivyo, limetokana na ovari iliyo chini.

Usishangae ukikuta ua lisilo na petali za kuonekana. Tumba la mkaratusi lina kifuniko kinachodondoka chote, na uzuri wote unaobaki ni stameni. Kwenye kifabakazi, Spathodea campanulata, tumba lina maji ndani, na ukiliminya hurusha. Ni dalili nzuri kwa mti wenye maua mekundu yanayoelekea rangi ya chungwa na majani ya vijani yanayotazamana.

9. Tafuta matunda, hata ya mwaka jana.

Angalia juu ya mti na chini yake. Ganda refu lenye mbegu mstari mmoja linaelekeza kwenye jamii ya kunde, Fabaceae. Vikombe vidogo vigumu vilivyoshikamana na tawi na kukaa miaka vinapatikana kwenye Callistemon, wenye maua ya mfano wa brashi ya kusafishia chupa. Mbegu nyekundu zinazoning'inia kwa uzi kutoka kwenye tunda lililopasuka ni za Magnolia. Arbutus unedo huwa na maua na matunda yaliyoiva kwa wakati mmoja, kwani tunda lake huchukua takriban mwaka kukomaa.

Gome lipige picha na ulieleze, ila lisikuongoze. Gome la mti mchanga na la mti mzee wa aina ileile yanaweza kutofautiana sana.

10. Tafuta familia kwanza, aina baadaye.

Sasa una ukurasa mzima wa majibu. Usianze kutafuta jina kamili. Tafuta familia, kwa kuwa hiyo hutambulika kwa alama mbili tatu.

Hebu tufanye mfano. Mti una majani mazima yanayotazamana, ukingo laini, yanang'aa. Hakuna maziwa, hakuna vitone vya mafuta. Maua ni madogo, meupe, mengi kwenye kishada cha ncha ya tawi, yenye harufu nzito. Kila ua lina ncha nne zilizoungana chini kuwa mrija mfupi. Stameni ni mbili. Matunda ni madogo, ya buluu iliyokolea hadi nyeusi.

Mtu wa haraka atasema Prunus laurocerasus: majani yanayong'aa, maua meupe madogo. Lakini majani ya Prunus hupishana, petali zake ni tano na ziko huru, na stameni ni kama ishirini. Imeanguka mara tatu. Majani yanayotazamana, ncha nne na stameni mbili ni alama za Oleaceae, jamii ya mzeituni. Ndani ya jamii hiyo, mti wa bustanini wenye vishada vikubwa vya ncha na matunda meusi ya buluu unakupeleka kwenye jenasi ya Ligustrum, na ukubwa wa mti wenyewe unaelekeza kwa Ligustrum lucidum, wenye asili ya China. Matunda yake yasiliwe.

Alama nyingine za kukumbuka:

- Petali tano huru, stameni nyingi, majani yanayopishana: anza na Rosaceae.
- Stameni nyingi ndefu kuliko petali, vitone vya mafuta kwenye jani: Myrtaceae.
- Stameni zilizoungana kuwa mrija kuzunguka kijiti cha kati: Malvaceae, jamii ya hibiskasi.
- Sepali tatu na petali sita katika mizunguko miwili: Annonaceae, jamii ya mstafeli na mlangilangi.
- Maziwa, na petali tano zilizojikunja kwa kupindana ndani ya tumba: Apocynaceae.
- Maua ya mfano wa mtungi mdogo, mdomo umebana: jaribu Ericaceae, jamii ya Arbutus.

11. Sasa ndipo utumie programu ya simu.

Pl@ntNet na iNaturalist ni za bure na zinasaidia sana, mradi uzipe picha nzuri. Pl@ntNet inakuuliza picha ni ya jani, ua, tunda au gome. Ipe zaidi ya moja za mti huohuo. Kumbuka pia kwamba mti wa bustanini huenda umetoka bara jingine, kwa hiyo usiifungie programu kwenye mimea ya eneo lako tu. Kwenye iNaturalist, weka alama kwamba mti umepandwa na binadamu. Data zake hutumika kuchunguza mimea inayojiotea yenyewe, na mti wa bustanini usio na alama hiyo hupotosha.

Majina yanayotolewa ni ya kupimwa. Andika matatu ya kwanza.

12. Jaribu kuliangusha kila jina.

Tafuta maelezo rasmi ya kila jina, kisha uyalinganishe na daftari lako sentensi kwa sentensi. Usitafute yanayofanana, tafuta lisilolingana. Umeambiwa ni Magnolia na kitawi hakina kovu la mviringo? Basi siyo. Jina linalobaki baada ya kujaribiwa hivyo ndilo la kuaminiwa.

Tovuti ya Plants of the World Online, ya bustani ya Kew iliyoko London, itakuambia jina linalokubalika sasa na asili ya mmea. Usibabaishwe na majina mawili kwa mti mmoja. Thevetia peruviana ni jina la zamani la Cascabela thevetia, na miti ya Callistemon wengine huiweka ndani ya Melaleuca.

Ukikwama

*Hakuna maua sasa.* Fanya hatua ya 1 hadi ya 7 na ya 9. Mara nyingi zinatosha kufika kwenye familia. Matumba makavu na matunda ya zamani chini ya mti yanaweza kuchukua nafasi ya ua.

*Maua yako juu mno.* Usipande. Subiri upepo au mvua, uokote yaliyodondoka siku hiyohiyo. Hakikisha yametoka kwenye mti huo na si wa jirani.

*Mti una aina mbili za majani.* Si lazima uwe miti miwili. Eucalyptus globulus ikiwa changa ina majani ya kibuluu yanayotazamana. Ikikomaa yanakuwa marefu, yamepinda na yanapishana. Acacia melanoxylon huweza kuwa na majani ya vijani na vikonyo bapa vinavyofanya kazi ya jani kwenye mti uleule. Lakini kama majani tofauti yanatoka chini kabisa, karibu na ardhi, shuku kwamba mti ni wa kubebesha, yaani tawi la mti mmoja lililounganishwa juu ya shina la mwingine, na shina la chini linachipua. Mchungwa uliobebeshwa juu ya Poncirus trifoliata utatoa huko chini matawi yenye majani ya vijani vitatu.

*Petali hazihesabiki.* Huenda ni aina iliyozalishwa kwa ajili ya bustani, yenye ua la petali nyingi. Kwenye Camellia japonica za namna hiyo, stameni zimegeuka kuwa petali. Hesabu haitakusaidia; rudi kwenye jani na kitawi, au tafuta ua lililo na petali chache zaidi.

*Programu inatoa jina jipya kila picha.* Picha ndizo zenye tatizo, au mti ni chotara. Piga tena, kitu kimoja kwa kila picha, karatasi nyeupe nyuma yake.

*Kila kitu kinalingana isipokuwa kimoja.* Kama ni ukubwa wa jani au rangi ya ua, huenda ni aina ya kitalu. Kama ni mpangilio wa majani, idadi ya stameni au uwepo wa maziwa, jina si lenyewe. Rudi hatua ya 10.

*Umefika kwenye jenasi ukashindwa kuendelea.* Kausha kitawi. Kitandaze kati ya magazeti, jani moja likiwa limegeuzwa upande wa chini uonekane, weka vitabu juu, na ubadilishe magazeti kila siku hadi kikauke. Huchukua wiki moja hadi mbili. Kikitolewa magazetini kikiwa bado na unyevu kitaota ukungu. Andika karatasi ya kuambatana nacho: mahali, tarehe, urefu wa mti, rangi na harufu ya ua, kama kuna maziwa. Rangi na harufu hupotea kikikauka, hivyo usipoziandika siku ya kukata hazitapatikana tena. Kipeleke kwenye herbariamu, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya chuo kikuu au bustani ya mimea iliyo karibu nawe, pamoja na picha zako. Kama mtaalamu yuko nchi nyingine, mtumie picha na maelezo kwanza. Kusafirisha sehemu za mimea kuvuka mipaka kuna masharti yake, na nchi nyingi hudai kibali.

Wakati unasubiri jibu, andika kwenye daftari jenasi uliyoifikia ikifuatiwa na "sp.", ndivyo wataalamu wanavyoonyesha kwamba aina bado haijathibitishwa. Ukitaka kufunga kibao kwenye mti, kining'inize kwenye tawi dogo kwa kamba iliyolegea, na uilegeze tena kila mwaka. Waya uliozungushwa kwenye shina huingia ndani ya gome mti unaponenepa na kuuumiza.